Mfuko Mmoja, Tofali Hamsini

Jumamosi ya pili ya Januari nilifika kiwanjani Chanika na mifuko minne ya saruji kwenye guta, na hesabu kichwani. Fundi alikuwa keshamwaga mchanga, chepe mkononi, suruali kaikunja hadi magotini. Tukasalimiana, tukaulizana za sikukuu, kisha nikasema nililokwenda nalo.

"Fundi, hii mifuko minne nataka inipe tofali mia mbili."

Hakujibu. Alikwenda pembeni, kwenye rundo la matofali ya mwaka jana, akachukua moja, akalinyanyua usawa wa kiuno, akaliachia.

Halikuvunjika. Lilimwagika.

"Dada, hili nani alisema mfuko utoe hamsini?"

Ilikuwa mimi.

Ule mlio wa tofali kugeuka unga umenikaa masikioni tangu siku ile. Nausikia nikiwa kazini, nausikia nikipanda daladala, na usiku ndiyo kabisa. Nimejaribu kujiambia ni hasara ya kawaida ya ujenzi, nani asiyeibiwa au asiyepoteza akijenga? Lakini hapa sikuibiwa na mtu.

Alama ya vema

Nina daftari la malengo. Najua wengi wenu mnalo, au mnalo kwenye simu. La kwangu lina jalada gumu, jeusi, na kila tarehe 1 Januari naandika orodha yangu kwa kalamu ya bluu. Mwaka jana niliandika saba. Sita hazina kitu mbele yake. Namba nne ina alama ya vema kubwa, niliyoichora kwa kalamu nyekundu kama mwalimu aliyefurahi:

*Matofali 2,000 kabla ya Pasaka.* Vema.

Nilivyofika hapo ni hivi. Fundi aliniambia mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali 35 za inchi sita ukitaka kitu cha kueleweka. Kwa tofali 2,000 hiyo ni kama mifuko 57. Mimi nilikuwa na hela ya mifuko 40. Nikagawanya: 2,000 kwa 40 ni 50. Hesabu ya darasa la nne. Haikunipita akilini kwamba nilikuwa na njia nyingine ya kuipiga: 40 mara 35, ni 1,400, basi mwaka huu ni tofali 1,400, tutaonana mwakani.

Kwa nini? Kwa sababu 1,400 haikuwa imeandikwa kwenye daftari.

Nilimuuliza fundi kwa nini alikubali. Alinitazama kwa huruma fulani ambayo sikuipenda. "Nilikwambia, dada. Ukasema fundi wa kule kwa jirani anatoa hamsini na tano."

Ni kweli, nilisema hivyo. Sijui hata kama jirani yule alikuwa na fundi.

Masika yakaja, matofali yako wazi, hayakuwa yamemwagiliwa hata wiki moja kwa sababu kijana wa maji naye nilimkata kwenye bajeti. Januari hii tulikaa na fundi tukayachambua moja moja. Yaliyosalimika, yale yaliyochanganywa vizuri kwa bahati ya chepe, ni 430. Mengine tutayamwaga kwenye kifusi cha sakafu.

Kwa hiyo lengo pekee nililolifikia mwaka mzima ndilo lililonitia hasara. Yale sita niliyoshindwa hayajanigharimu shilingi.

Yule dada wa tarehe moja

Wiki ile nilirudi nyuma nikasoma orodha za miaka minne. Ukitaka kujichukia jioni moja, fanya hivyo.

Kuamka saa 11 alfajiri: miaka yote minne. Kuweka akiba 200,000 kila mwezi: minne. Kupunguza kilo 15: mitatu, na mwaka wa nne zikawa 18, maana kulikuwa na riba. Vitabu 24 kwa mwaka. Kifaransa, Mungu anisamehe.

Kilichonishangaza si kushindwa. Kushindwa nilikuwa nakumbuka. Kilichonishangaza ni mwandishi. Ukisoma kwa utulivu unaona kabisa kwamba aliyeandika ni mtu mwingine. Yuko likizo. Amelala hadi saa tatu. Amekula pilau ya jana iliyopashwa, umeme upo, hakuna aliyempigia simu tangu asubuhi. Huyo dada wa tarehe 1 hapandi mwendokasi saa 12 jioni. Haugui. Hana mdogo wake anayesoma chuo, hana shangazi mwenye presha, hakuna mtu wa ukoo wake anayefariki mwaka mzima.

Anaandika orodha, anafunga daftari, anaondoka. Mimi ndiye ninayebaki na kazi.

Januari yenyewe

Halafu, jamani, nani alituambia tuanzie Januari?

Mshahara wa Desemba ulitoka mapema ili watu wale sikukuu, kwa hiyo Januari ni mwezi wa siku arobaini. Shule zimefunguliwa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kila mtu unayemjua amekopa, na wewe ndiye unayedhaniwa hukukopa. Huu ndio mwezi tunaochagua kuwa watu wapya.

Na wala hatukulazimishwa. Serikali yenyewe inafungua mwaka wake wa fedha Julai mosi. Makunduchi, kule Unguja, mwaka wao wanauoga Julai vilevile: kwenye Mwaka Kogwa wanaume wanachapana kwa migomba, wanamaliza vinyongo vya mwaka mzima, kibanda cha makuti kinachomwa moto, ndipo watu wanakula na kuimba. Mwaka wa Kiislamu unatembea, kila mwaka unarudi nyuma kama siku kumi na moja. Mama yangu, aliye Korogwe na jembe lake, hana habari na tarehe 1. Mwaka wake unaanza mvua inapoanza.

Nimewaza sana jambo hilo la Makunduchi. Wao wanaanza mwaka kwa kumaliza ya zamani, tena hadharani, tena kwa fimbo. Mimi ninaanza kwa kufungua ukurasa mpya ili nisiuone wa zamani. Kama ningefanya ya kwao, ningelidondosha tofali lile mwenyewe, Desemba, kabla sijanunua saruji nyingine.

Siku 34, siku 55

Nikiwa bado nimenuna nilikumbuka utafiti mmoja niliousoma zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi 37 waliokuwa wakiandika tasnifu: utamaliza baada ya siku ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa kama siku 34. Wakawauliza tena: na mambo yakienda vibaya kabisa, kila kitu kikikwama? Wakasema kama siku 49.

Walimaliza kwa zaidi ya siku 55.

Nilirudia kusoma hapo. Yaani hata pale walipoambiwa wawaze mabaya yote, bado walikuwa na matumaini kupita kiasi. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wamelieleza tatizo hili tangu 1979: mtu akipanga jambo huliangalia kwa ndani, hatua kwa hatua jinsi litakavyokwenda, badala ya kuuliza mambo ya namna hii yalichukua muda gani mara zilizopita. Yaliyopita yapo, tena mengi, ila mtu huyaona kama ajali. Mwaka jana kulikuwa na msiba, basi hauhesabiki. Mwaka juzi niliumwa, basi hauhesabiki.

Miaka minne yote ya kwangu haikuhesabika.

Meseji

Basi nikaamua kuhesabu. Jioni tatu mfululizo nilikaa na simu na kalamu, nikapitia meseji za pesa za mwaka mzima, moja moja, kuanzia Januari. Sikutafuta somo. Nilitaka tu kujua zile 200,000 za kila mwezi huwa zinakwenda wapi.

Misiba: mara 14. Harusi, sendofu na kipaimara: mara tisa, na mbili kati ya hizo nilikuwa kwenye kamati, mnajua maana yake. Ada ya mdogo wangu, awamu mbili. Shangazi na dawa zake, karibu kila mwezi. Halafu zile ndogondogo zisizo na jina, elfu tano, elfu kumi, "na ya kutolea". Jumla ikaja 1,940,000.

Milioni moja na laki tisa na arobaini, na hakuna mstari hata mmoja kwenye daftari uliozitaja. Kila mwaka ninaandika malengo kana kwamba fedha hizo hazitatoka. Kila mwaka zinatoka. Halafu Desemba ninajiita mvivu.

Nilifurahi kidogo, nikiri. Nilijiona mtu mwema aliyeonewa na ukoo wake.

Kisha nikafika kwenye bodaboda.

Kutoka nyumbani hadi kituoni ni dakika 15 kwa miguu. Mwaka jana niliwarushia madereva wa boda 386,000 kwa umbali huo. Sikuwa mgonjwa, wala haikuwa mvua kila siku. Mfuko wa saruji kwetu nilikuwa naununua kwa 16,000. Ile mifuko 17 niliyokosa, iliyonifanya nimdanganye fundi habari za jirani, ilikuwa 272,000. Nilikuwa nimeikalia, asubuhi baada ya asubuhi, nimeshika mabega ya dereva.

Kwa hiyo sina hadithi moja safi ya kuwapa. Sehemu ni ukoo, sehemu ni mimi. Na kilichonitisha ni jinsi nilivyotaka haraka iwe ukoo peke yake.

"Hayo si malengo, ni matumizi"

Nilimweleza rafiki yangu kazini, wakati wa chai, kwamba mwaka huu nataka kuandika malengo yanayolingana na hela niliyo nayo na siku nilizo nazo. Tofali 35 kwa mfuko, mifuko minne kwa mwezi, basi. Akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Shoga, hayo si malengo, ni matumizi. Lengo lazima likutishe."

Sikuwa na jibu, na jambo hilo likanisumbua wiki nyingine nzima. Maana ana hoja. Kiwanja chenyewe nilikinunua wakati mshahara wangu haukuwa wa mtu wa kununua kiwanja. Ningekuwa mkweli siku ile, ningekaa na kalamu na kugawanya vizuri, leo nisingekuwa na mahali pa kuweka hata hilo tofali bovu. Je, huu ukweli wangu mpya ni hekima au ni uchovu wa umri? Nimewahi kuona watu wakijiita wanyenyekevu wa malengo na kumbe wameshakata tamaa zamani.

Ilibidi nikumbuke kiwanja kilinunuliwaje hasa.

Kilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba. Tulikuwa wanawake 20, kila Jumamosi hisa mezani, na ukitaka mkopo unapewa mara tatu ya ulichoweka. Nilipochukua, nilikuwa naogopa kweli. Lakini kila Jumamosi kulikuwa na wanawake kumi na tisa wanaonitazama usoni. Mwezi mmoja nilipokwama, wawili kati yao walinilipia rejesho na wakakaa kimya hadi nilipoweza. Mmoja wao ndiye niliyempelekea rambirambi mwezi wa tisa, alipofiwa na mumewe. Ipo kwenye zile meseji 14.

Hapo nilinyamaza kidogo na simu yangu. Watu niliokuwa nawaandika kwenye safu ya "vilivyokula malengo yangu" ndio walionivusha kwenye lengo kubwa pekee ambalo nimewahi kulifikia bila kudanganya.

Sasa unawaweka safu ipi?

Gunia la watu

Jibu lilikuja kwa mama, ingawa hakujua kwamba aliulizwa. Nilimpigia kumjulia hali. Shikamoo, marahaba, mvua vipi, mahindi ya vuli yametoka kiasi gani. Akasema gunia tisa.

"Tisa utauza zote?"

"Nitauzaje zote, mwanangu? Moja mbegu na mengineyo. Moja la watu. Tatu za kula. Zinazobaki ndizo nitakazomuuzia huyo mwenye lori."

Nikamuuliza la watu ndiyo nini. Akashangaa kwamba silijui. Gunia la watu ni la mgeni asiyetarajiwa, la msiba wa jirani, la mtu atakayekuja mwezi wa tatu na ndoo mkononi anaona aibu kuongea. Linawekwa pembeni kabla ya kuuza debe la kwanza. Likiisha?

"Likiisha limeisha. Nawaambia limeisha, wanaliona."

Nimekua nikiliona gunia lile pale kwenye kona ya stoo, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani nyekundu ili lisichanganyike na mengine. Nilikuwa nadhani ni gunia tu.

Ya mwaka huu

Kwa hiyo orodha yangu ilichelewa. Niliiandika Januari 25, mshahara ulipoingia, nikiwa nimechoka na miguu imevimba, makusudi, ili aandike yule atakayefanya kazi.

Kwanza nilitoa la watu. Niligawanya zile za mwaka jana kwa 12, ikaja kama 160,000 kwa mwezi, nikaziweka kwenye laini ya pili ambayo siitumii kwa kitu kingine. Kisha saruji: mifuko minne, tofali 140, miezi kumi. Mwezi wa saba na wa kumi nimeiacha wazi, kodi na ada zinagongana, na ninazijua. Hiyo ni tofali 1,400. Pamoja na 430 zilizobaki ni 1,830. Hazifiki 2,000. Fundi amepiga mahesabu yake akasema kuta hazitafika juu. Nimeandika hivyo hivyo kwenye daftari: *kuta hazitafika juu.*

Kuamka saa 11 nimekufuta. Kifaransa, kwaheri.

Nimeongeza moja tu, kutembea hadi kituoni. Wanaosema siku 21 zinatosha kujenga mazoea sijui walizitoa wapi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuata watu 96 na wakakadiria wastani wa siku 66, kuanzia siku 18 kwa mwenye bahati hadi 254. Nilichokipenda zaidi kwao ni kwamba siku moja ya kuruka haikuharibu kitu. Mimi nimesharuka sita. Nne za mvua, moja ya viatu vipya, moja uvivu mtupu. Dereva wangu wa zamani ananipita asubuhi anapiga honi taratibu, "Dada, leo vipi?", na mara nyingine moyo unanisimama kabisa.

Na mambo hayakunyooka. Februari 20 shangazi alilazwa. La watu likaisha siku ile ile, na alipopiga binamu kuhusu mchango wa sendofu ilinibidi niseme maneno ambayo sijawahi kuyasema: mwezi huu imeisha, nihesabu mwezi ujao. Kimya kirefu upande wa pili. Kisha, "Sawa." Sijui hiyo sawa ina nini ndani. Tutaonana ukumbini.

Hospitali ilipozidi, nilipunguza saruji pia. Februari ilikuwa mifuko mitatu badala ya minne. Tofali 105. Nimeandika 105.

Jumamosi iliyopita

Nilikwenda kiwanjani mapema. Matofali ya Januari yamepangwa chini ya turubai, yana rangi ya kijivu iliyokolea, yale ya zamani pembeni yamefifia kama majivu. Mtoto wa jirani ndiye anayeyamwagilia, kwa makubaliano ya daftari na peni. Fundi alihesabu siku kwa vidole, akasema tayari zimepita 28 za kukomaa.

Akachukua moja, akanipa. Zito kuliko nilivyodhani.

"Lidondoshe mwenyewe."

Nililinyanyua usawa wa kiuno. Nilisita, naona hata aibu kusema, nilikuwa nafikiria bei yake. Kisha nikaachia.

Likatua kwa kishindo, likaruka kidogo, likalala ubavu. Kona moja ilikuwa imemeguka, kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Fundi akaliinua, akapitisha kiganja palipomeguka, akalirudisha kwenye mpango pamoja na mengine.

"Kona siyo kitu," akasema. "Huo mchanga mwingine unaletwa lini?"